Pudini laini ya embe na pasheni: mwongozo kamili kwa jiko la Arusha

Pudini ya matunda ikiharibika, mara nyingi huharibika kwa namna moja: maziwa yanakatika, yanabaki chembechembe nyeupe zinazoelea kwenye maji ya njano, na hakuna kukoroga kunakoweza kuyarudisha. Chanzo ni kwamba tunda limetiwa kwenye maziwa yakiwa bado jikoni. Kwa hiyo mwongozo huu umejengwa juu ya kanuni moja. Maziwa yapikwe peke yake mpaka mwisho, tunda libaki bichi pembeni, na viwili hivyo vikutane vikiwa vuguvugu. Ukilishika hilo utapata pudini laini inayosimama kwenye kijiko na bado inanukia embe.

Sababu yake ni rahisi. Protini ya maziwa haipendi ukali wa matunda, na kadiri maziwa yalivyo ya moto ndivyo yanavyokatika haraka kwa ukali mdogo tu. Pasheni ni kali sana. Embe lililoiva ni pole zaidi, lakini nalo lina ukali wake. Kuna na harufu: ile harufu ya embe inayojaza chumba ukilikata hupotea na mvuke ukilichemsha, unabaki na utamu mtupu unaofanana na jemu. Hivyo tunalilinda tunda na moto kwa faida mbili kwa mpigo.

Mahitaji

Vipimo hivi vinatosha glasi sita za kawaida. Kikombe ninachokitaja ni cha robo lita, yaani mililita 250. Vikombe vya chai vya nyumbani vinatofautiana sana, kwa hiyo kipime chako kwanza. Vijiko vyote ni vya kusawazishwa, visijae kilima.

Kwa pudini:
- maziwa mabichi ya ng'ombe, nusu lita
- maziwa ya unga, vijiko 4 vya chakula
- konflawa, vijiko 5 vya chakula (kama gramu 40)
- sukari, vijiko 4 vya chakula
- viini vya mayai 2
- siagi, kijiko 1 cha chakula
- chumvi, chembe kidogo tu
- rojo ya embe iliyochujwa, kikombe kimoja na nusu (maembe makubwa matatu yanatosha)

Kwa tabaka la juu:
- pasheni 8 hadi 10
- sukari, vijiko 3 vya chakula
- konflawa, vijiko 2 vya chai
- maji, robo kikombe

Krimu sijaiweka makusudi. Madukani ni ghali, na maziwa ya unga yakiongezwa kwenye maziwa halisi yanaleta uzito uleule kwa gharama ndogo. Wanaopenda nazi wanaweza kutoa nusu ya maziwa na kuweka tui zito la kwanza; pudini itakuwa na ladha ya pwani, na ni nzuri sana kwa embe. Ukiweka tui, acha siagi, maana mafuta yatazidi.

Sijaweka jelatini pia. Jelatini hutengenezwa kwa ngozi na mifupa ya wanyama, nyingine ya ng'ombe na nyingine ya nguruwe, na pakiti haisemi wazi kila mara. Mjini kwetu mezani wanakaa Waislamu na Wakristo pamoja, mara nyingi wa ukoo mmoja. Konflawa ni wanga wa mahindi tu, kila mtu anakula bila kuuliza.

Sokoni

Msimu mkubwa wa maembe ni kuanzia Novemba hadi Februari hivi, na wakati huo masoko ya Kilombero na Tengeru yanajaa. Tengeru nenda Jumatano au Jumamosi, siku za gulio, ufike asubuhi kabla matunda mazuri hayajachaguliwa. Muuzaji atakuuliza, "La kula leo au kesho?" Jibu la pudini ni leo. Embe liwe limeiva kabisa: likibonyezwa karibu na kikonyo linabonyea kidogo, na kikonyo chenyewe kinanukia. Embe lisilonukia kwenye kikonyo halitanukia kwenye glasi, hata likiwa na rangi ya kupendeza kiasi gani.

Iwe dodo, bolibo au jamii nyingine, kitu cha kuangalia ni nyuzi. Embe lenye nyuzi nyingi si baya kwa ladha, linakudai tu uchuje kwa subira. Mwambie muuzaji unataka la kutengenezea kitu laini. Wengi wanajua lipi lina nyuzi na lipi halina, na watakukatia kipande uonje.

Pasheni ni kinyume cha embe, usichague kwa uzuri wa sura. Ile iliyonyooka na kung'aa bado ni kali mno. Chukua ile ya rangi ya zambarau iliyokunjamana ngozi lakini bado nzito mkononi. Ikiwa nyepesi imekauka ndani, iache.

Maziwa ndiyo yanayoangusha watu wengi. Ukinunua mabichi kwa jirani mwenye ng'ombe au kwa muuzaji wa mtaani, yachemshe kwanza siku hiyohiyo. Maziwa mabichi yanaweza kubeba vijidudu vya homa ya kutupa mimba na hata kifua kikuu, na pudini hii watakula watoto. Kabla ya kuyamimina yote sufuriani, chemsha vijiko viwili vitatu peke yake kwenye kikombe cha chuma. Yakikatika hapo, yameanza kuchacha: tafuta mengine kwa pudini. Na yakiwa mepesi ya buluubuluu, yametiwa maji au yameenguliwa mafuta. Ongeza kijiko kimoja cha maziwa ya unga juu ya vile vinne.

Rojo ya embe

Osha maembe kabla ya kumenya, kwa maji safi ya kunywa mwishoni, kwa sababu tunda hili halitapita motoni. Menya, kata nyama, kwaruza na kokwa. Saga kwenye blenda bila kuongeza maji hata kidogo. Blenda ikikwama, zima, koroga kwa mwiko, washa tena. Maji utakayoongeza hapa utayakuta baadaye chini ya glasi.

Chuja kwa chujio la waya, ukisukuma kwa mgongo wa kijiko. Hatua hii watu huiruka, na ndiyo inayotofautisha pudini ya kununua na juisi nzito. Nyuzi moja tu kwenye ulimi inaharibu ulaini wote. Pima kikombe kimoja na nusu, funika, weka mahali pa kawaida na si kwenye friji. Rojo ya baridi kali ikiingia kwenye maziwa yaliyopikwa inayashtua, yanaganda kwa madonge.

Ukiwa msimuni, saga maembe mengi zaidi ya unayohitaji na ugandishe rojo kwenye vyombo vya kikombe kimoja na nusu. Inakaa miezi kadhaa bila tatizo, na mwezi wa Julai, Arusha ikiwa na baridi na embe halionekani, utafurahi.

Kupika maziwa

Tumia sufuria yenye kitako kizito. Sufuria nyembamba za alumini zinaunguza maziwa katikati huku pembeni bado hayajapata moto. Kama ndiyo uliyo nayo, weka bati au chapati pani chini yake, kati ya sufuria na moto. Kwenye jiko la mkaa, subiri mkaa uwake wote kisha uufunike kwa jivu jepesi. Moto wa kupikia pudini ni ule wa kuivisha wali uliopaliwa.

Kwenye bakuli, changanya konflawa, maziwa ya unga, sukari na chumvi vikiwa vikavu. Hii inatenganisha chembe za wanga ili zisishikane. Mimina robo ya maziwa ya baridi, koroga mpaka pawe laini kabisa, kisha tia viini vya mayai na ukoroge tena. Mayai ya kienyeji yanatoa rangi nzuri ya njano. Ute weka pembeni, utafaa kwenye chapati za maji.

Maziwa yaliyobaki yapashe moto sufuriani mpaka yaanze kutoa mvuke na vipovu vidogo pembeni. Epua. Sasa chota upawa mmoja wa maziwa ya moto, umimine kidogokidogo kwenye bakuli la viini huku mkono wa pili ukikoroga bila kusimama. Ongeza upawa wa pili. Mchanganyiko ukishapata joto, urudishe wote sufuriani. Ukiviweka viini moja kwa moja kwenye maziwa ya moto, utapata mayai ya kukaanga yanayoogelea.

Rudisha kwenye moto mdogo, koroga kwa kile kifaa cha waya cha kupigia mayai, ukipita kitako na kona zote. Dakika chache hakuna kitu, kisha ghafla inaanza kuwa nzito. Hapo ndipo mikono inachoka na ndipo usipopaswa kuacha.

Sikiliza hili vizuri, kwa sababu linahusu mahali tunapoishi. Arusha iko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na kwa kimo hicho maji huchemka kwenye nyuzi joto 95 hivi, si 100 kama Dar es Salaam au Tanga. Moshi, iliyo chini zaidi, ni kama 97. Wanga wa mahindi huanza kuvimba kwenye nyuzi 60 na kitu, lakini huendelea kuwa mzito na kupoteza ladha ya unga mbichi mpaka kufika karibu na 95. Maana yake, huku kwetu mchemko wetu unaifikia ile joto kwa shida. Maelekezo yanayosema "epua mara inapochemka" yanawafaa watu wa pwani. Sisi tukiona povu la kwanza zito linapasuka, yaani ule mlio wa uji unaotokota, tuhesabu dakika mbili kamili tukikoroga, ndipo tuepue. Ukikaa juu zaidi, Ngaramtoni au huko kwenye miteremko ya Meru, fanya tatu.

Dakika hizo mbili zina kazi ya pili. Kiini cha yai kibichi kina kimeng'enya kinachomega wanga. Usipokichemsha kikafa, pudini itaonekana nzuri jioni, na asubuhi utaikuta imekuwa supu. Watu wengi hulaumu konflawa kwa kosa hili.

Na usionje kwa kijiko ukakirudisha sufuriani. Mate nayo yana kimeng'enya cha wanga, na kijiko kimoja kilicholambwa kinaweza kulegeza sufuria nzima. Wapishi wadogo wanaokuzunguka jikoni wape kijiko chao na kisahani chao.

Ukishaepua, tia siagi, koroga iyeyuke. Kama unaona madonge, pitisha kwenye chujio sasa hivi ikiwa ya moto, ikipoa haitapita.

Mkutano wa maziwa na embe

Weka sufuria kwenye beseni la maji baridi na ukoroge polepole kila baada ya dakika moja hivi. Unasubiri ifike vuguvugu: ukigusa ubavu wa sufuria kwa kiganja, mkono unakaa bila kuungua. Usiiache ipoe kabisa. Pudini ya wanga ikishaganda halafu ukaivuruga, ule mgando ukivunjika haurudi vilevile, utabaki na kitu chepesi. Nafasi yetu iko hapo katikati, na ina upana wa kutosha kwa mtu asiyeondoka jikoni.

Tia rojo ya embe kwa mafungu matatu. La kwanza likoroge kwa nguvu mpaka lipotee, halafu la pili, halafu la tatu. Rangi itageuka kutoka njano ya mahindi mabichi kuwa ya machungwa. Onja sasa kwa kijiko safi. Maembe hayalingani, hivyo sukari rekebisha hapa. Ukitaka kuongeza, tumia sukari iliyosagwa ili iyeyuke. Iliki kidogo inakubaliana na embe. Vanila mimi siiweki, inalifunika tunda ambalo umehangaika kulilinda.

Mimina kwenye glasi, uache nafasi ya kidole kimoja juu. Ili uso usifanye ngozi, paka juu tone la siagi iliyoyeyuka, au funika kwa karatasi safi iliyopakwa siagi ikigusa pudini yenyewe. Weka kwenye friji kwa saa tatu angalau.

Tabaka la pasheni

Kata pasheni, kwangua ndani yote kwenye chujio juu ya bakuli, usukume kwa kijiko mpaka mbegu zibaki kavu. Usizisage kwenye blenda: mbegu zikipasuka zinaleta vumbi jeusi na uchungu. Rudisha kijiko kimoja cha mbegu nzima kwenye juisi kama unapenda zionekane.

Kwenye sufuria ya stili (si alumini, ukali wa pasheni unaichubua na kuacha ladha ya chuma) koroga konflawa, sukari na maji. Chemsha mpaka iwe nzito na iangaze. Epua, subiri dakika mbili, kisha tia juisi ya pasheni na ukoroge. Tumeipika wanga bila juisi kwa sababu ukali ukichemshwa pamoja na wanga kwa muda mrefu unaulegeza, na kwa sababu pasheni nayo ni ya harufu. Ipoe kabisa, kisha mimina kijiko kimoja na nusu hadi viwili juu ya kila glasi iliyokwisha kuganda. Ikimwagwa ya moto itatoboa shimo.

Ikikwenda kombo

Pudini nyepesi kabla ya kutia embe inaokoleka: koroga kijiko kimoja cha konflawa na maziwa baridi kidogo, mimina, chemsha tena dakika mbili. Ikiwa imeshatiwa embe na ni nyepesi, usiirudishe motoni. Igandishe kwenye vikombe vidogo iwe barafu ya watoto, au inywe kama kinywaji kizito. Ikiwa na ladha ya unga, haikuchemka vya kutosha, na hilo hurekebishwa tu kabla ya tunda kuingia. Ikiwa na maji juu siku ya pili, aidha rojo ilikuwa na maji au glasi zilitikiswa zikiwa zinaganda. Yamwage taratibu, ladha haijaharibika.

Matunda mengine

Ndizi kisukari zilizoiva sana hufuata njia hii hii, ila ziponde dakika ileile unayozitumia na kamulia ndimu kidogo zisiwe nyeusi, na punguza sukari kwa nusu.

Parachichi halipikwi kabisa. Joto hulifanya chungu. Pika maziwa yenye wanga kama juu bila mayai, yapoe hadi karibu na baridi, kisha saga pamoja na parachichi kwenye blenda, na ndimu kidogo. Hapa blenda inaruhusiwa kwa sababu mafuta ya parachichi ndiyo yanayoshika uzito, wanga unasaidia tu. Kwa matunda ya Meru na Kilimanjaro, hii ndiyo pudini ya bei nafuu kuliko zote, na kwa maoni yangu ndiyo laini kuliko zote.

Papai na nanasi ni habari nyingine. Vyote vina vimeng'enya vinavyomega protini, na vikikutana na maziwa vikiwa vibichi vinaleta uchungu baada ya saa chache. Pika rojo yake peke yake, itokote dakika tano nzima, ipoe, ndipo uichanganye. Utapoteza harufu kiasi, lakini pudini itabaki tamu mpaka kesho yake.

Kuhifadhi na kubeba

Kwenye friji inakaa siku mbili. Nje ya friji isizidi saa mbili, hata siku za baridi, kwa sababu ni maziwa na mayai. Umeme ukikatika usifungue mlango wa friji; likiwa limefungwa hutunza ubaridi kwa saa nne hivi. Usigandishe pudini iliyokamilika, ikiyeyuka inatengana na kutoa maji.

Kwa kipaimara au send-ofu ya watu wengi, usiongeze vipimo mara kumi kwenye sufuria moja. Lita mbili za maziwa kwa mkupuo zinatosha: zaidi ya hapo inachukua muda mrefu kupoa, katikati inabaki ya moto na embe likiingia unarudi kwenye maziwa yaliyokatika. Pika mikupuo miwili au mitatu. Beba glasi zikiwa zimeganda ndani ya kreti lenye barafu, na tabaka la pasheni libebe peke yake kwenye chupa. Barabara ya kwenda ukumbini ina matuta, na pasheni iliyomiminwa mapema itafika imechanganyika. Miminia hukohuko, wakati wageni wanaanza kupanga foleni ya chakula.